Mtama, Kunde na Mgagani: Chakula Kilicho Karibu Nasi

Ejoka! Nawasalimu mama zangu mlio Kaaleng, Kaikor na Lokitaung, ndugu zetu wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi mlio Lodwar mnaotusikiliza madukani na kwenye magari. Wazee mlioketi chini ya mti, shikamooni. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo tena nimekuja kuzungumza nanyi kuhusu chakula cha watoto wetu.

Wiki iliyopita tulipomaliza kipindi, mama mmoja alituma ujumbe mfupi kwa simu. Aliandika hivi: "Sista, kila siku unatuambia mtoto ale mboga na maharagwe. Sukuma wiki inatoka Kitale kwa lori, ikifika hapa imekauka na bei iko juu. Sasa mboga tutoe wapi?" Mama, nakushukuru. Swali lako ni la haki, na kipindi chote cha leo ni jibu lake.

Nianze na lile tunaloliona kliniki. Tunapopima mkono wa mtoto kwa utepe, mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kipimo kikiwa chini ya sentimeta 11.5 utepe unaonyesha nyekundu. Huo ni utapiamlo mkali. Kati ya sentimeta 11.5 na 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo ni kijani. Shirika la Afya Duniani linasema mahali ambapo zaidi ya watoto 15 kati ya 100 wamekonda kupita kiasi, hiyo ni dharura. Katika ukame mkubwa uliofikia kilele mwaka 2022, mvua ilipokataa msimu baada ya msimu, Turkana Kaskazini ilipita kiwango hicho kwa mbali sana. Hamhitaji muuguzi kuwaambia hayo, mlizika wenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo mama wengi hawajaelezwa vizuri. Mtoto anapona kwa karanga ya dawa, anaongeza uzito, tunamwandikia kwamba ametoka kwenye programu. Baada ya miezi miwili au mitatu amerudi, mkono ni mwekundu tena. Mama analaumiwa kwamba aligawa ile karanga kwa watoto wote. Pengine aligawa, na ni mama gani atamlisha mmoja wengine wakitazama? Ila mara nyingi sababu ni nyingine: nyumbani alirudi kwenye uji wa unga wa mahindi asubuhi, ugali wa mahindi mchana, na usiku chai ya rangi. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu cha kujengea.

Mahindi peke yake hayamtoshi mtoto. Yana nguvu za kutembea, lakini protini yake ni pungufu, na chuma yake ni kidogo na haifyonzwi vizuri. Kipimo tunachotumia sasa ni hiki: mtoto wa miezi sita hadi miezi ishirini na tatu anapaswa kupata kwa siku angalau makundi matano kati ya manane. Makundi yenyewe ni maziwa ya mama, nafaka na mizizi, kunde na jamii yake, maziwa ya wanyama na vitu vinavyotokana nayo, nyama, samaki au damu, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine. Zamani mtoto wa hapa alipata mengi ya hayo bila kufundishwa na mtu, kwa sababu kulikuwa na maziwa ya ngamia na mbuzi, damu, nyama, matunda ya porini na mtama wa mama yake. Mifugo ilipokwisha, nafasi ya vyote hivyo ilichukuliwa na kitu kimoja, gunia la mahindi.

Sasa turudi kwa mtama. Vijana wengi wanadhani kilimo kililetwa Turkana na mashirika na skimu za umwagiliaji za Katilu na kwingineko kando ya Turkwel. Si kweli. Waulize bibi zenu. Wanawake wa Turkana wamepanda mtama kwa vizazi vingi kando ya laga na katika mabonde ambayo maji ya mvua husimama. Mvua kubwa ya akiporo ikishuka na laga ikajaa, mama anachukua mbegu zake alizozihifadhi, anatoboa ardhi ikiwa bado na unyevu na anapanda. Mtama ule ni wa haraka, unamaliza kazi yake kabla udongo haujakauka. Wanaume wengi walikidharau kilimo hicho, wakisema bustani ni ya maskini asiye na mbuzi. Hata hivyo wakati wa kula hakuna aliyekataa bakuli.

Mvua yetu ni kidogo. Lodwar hupata takriban milimita 200 kwa mwaka, na hata mtama, pamoja na uvumilivu wake wote, hauwezi kukua vizuri kwa maji hayo yakitawanyika. Ndiyo maana bibi zetu walichagua mahali ambapo maji ya eneo kubwa yanakusanyika pamoja. Katika miaka ya 1980, baada ya ile njaa ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la Lopiar, mradi wa kuvuna maji ya mvua ulifanyika hapa jirani, Lokitaung, kwa msaada wa shirika la Oxfam. Mwaka 1992 Adrian Cullis na Arnold Pacey walitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Jambo zuri katika mradi ule ni kwamba walizitazama bustani za mtama ambazo wanawake walikuwa nazo tayari, wakauliza zinaweza kusaidiwa vipi. Njia iliyojulikana sana kutoka Turkana ni tuta lenye mbawa mbili: tuta la chini la urefu wa meta 40 hivi, na mbawa zinazofunguka kuelekea juu ya mteremko kama mikono ya mtu anayepokea mtoto. Maji yanateremka, yanakamatwa, yanazama ardhini, na yakizidi yanapita kwenye ncha za mbawa bila kubomoa tuta. Katikati unapanda mtama. Ukipita maeneo ya Lokitaung leo bado unaweza kuonyeshwa mahali palipokuwa na matuta.

Si lazima uanze na tuta la meta 40, hiyo ni kazi ya watu wengi. Familia moja inaweza kuchimba nusu duara ndogo ndogo kwa jembe, mdomo ukitazama juu ya mteremko, na kupanda ndani kunde au ndengu. Kwa maelezo ya upana na kina, muone afisa wa kilimo wa wadi. Mimi ni muuguzi, sitaki kuingia shamba la mwenzangu.

Niseme sasa juu ya mbegu. Kuna watu wanaofikiri chakula cha kienyeji ni kitu kilichoachwa nyuma, ambacho wataalamu hawakishughulikii. Nako si kweli. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogo za nchi kavu, mtama ukiwemo. Hapa Kenya watafiti wa kilimo wa Katumani, Machakos, wamefanya kazi miaka mingi juu ya mazao ya ukame. Kuna mtama uitwao Gadam, mfupi, unaokomaa kwa takriban miezi mitatu. Kuna kunde ziitwazo M66 na K80, ambazo unachuma majani ukala mboga, na baadaye unavuna punje. Kuna ndengu aina ya N26 inayokomaa kwa miezi miwili hivi. Mazao ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kwa mtu anayepata mvua mara mbili tu kwa mwaka, tena kwa bahati.

Lakini msitupe mbegu ya bibi kwa sababu ya mbegu ya duka. Mbegu ya hapa inaujua udongo wa hapa. Njia bora ya kuiboresha ni kuichagua: kabla hujavuna, pita shambani, funga kitambaa kwenye mashuke ya mtama yaliyotangulia kukomaa, yaliyojaa, yasiyo na ugonjwa. Hayo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Mama anayekula mashuke makubwa na kupanda yaliyobaki, kila mwaka mtama wake unakuwa dhaifu zaidi, halafu anasema ardhi imechoka. Mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vya sheria ya mbegu vilivyowafanya wakulima wadogo kuwa wahalifu kwa kubadilishana na kuuza mbegu zao wenyewe vinapingana na Katiba. Kwa hiyo mama wa Kaaleng akimpa mama wa Kaikor kibuyu cha mbegu, asiogope mtu.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hata aliye mbali na redio asogee. Mashirika na serikali wanapogawa mbegu, mara nyingi mbegu hiyo imepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Utaitambua kwa rangi yake: nyekundu, ya waridi, kijani au buluu. Mbegu hiyo ni sumu. Kuosha hakuondoi sumu, na kuchemsha hakuondoi. Najua njaa ni nini, na najua mbegu mara nyingi inagawanywa wakati ambapo sufuria iko tupu. Mama anaitazama ile mbegu, anawatazama watoto, anaiosha mara tatu na kuipika. Tafadhali, usifanye hivyo. Usiwape kuku, usisage ukachanganya na nyingine, na mfuko wake usiutumie kubebea unga wala chombo chake kuchotea maji. Ukishaishika nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumnyonyesha mtoto. Mtu aliyekula akianza kutokwa mate mengi, kutapika, kuharisha, kutetemeka, au mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, mkimbize zahanati saa hiyo hiyo na ubebe mfuko wa mbegu ili tuone ni dawa gani. Usimpe maziwa wala kumlazimisha atapike.

Na ninyi mnaogawa mbegu, kama mnanisikiliza: gaweni pamoja na chakula cha siku chache. Mtu mwenye njaa hawezi kulinda mbegu. Kumpa mbegu bila unga ni kumpa mtihani ambao hata ninyi mngeanguka.

Tuje jikoni. Mtama una nguvu kama mahindi na una chuma, lakini una shida moja, hasa ule mwekundu na wa kahawia. Una kitu cha kukwaruza ulimi, kile kinachofanya mdomo ukauke kama umekula tunda bichi. Kitu hicho kinazuia mwili kufyonza chuma. Ndiyo maana wengine wanasema bora mtama mweupe. Ni kweli mweupe ni mtamu na ni rahisi kwa mtoto. Sasa waulize ndege! Kwelea wakitua kwenye shamba la mtama mweupe wanamaliza kwa siku chache, na mwekundu wanauacha hadi mwisho, kwa sababu nao hawapendi ukakasi. Kwa hiyo mama ana haki ya kusema, "Huo mweupe wenu nitawapandia ndege?" Ushauri wangu ni kupanda mwekundu shamba lililo mbali, na kipande kidogo cha mweupe karibu na boma ambapo watoto wanaweza kufukuza ndege. Kisha huo mwekundu uutengeneze vizuri.

Njia mbili zinasaidia. Ya kwanza ni kuchachusha: koroga unga wa mtama na maji safi, funika, uache usiku mmoja au mawili hadi uwe mchachu, halafu upike uji. Ya pili ni kimea, ambayo bibi zetu wanaijua sana, ingawa wengi wameitumia kwa busaa tu. (Mtama mwingi wa wilaya hii ya zamani uliishia kwenye busaa, tuseme ukweli. Baba anakunywa chakula cha mtoto halafu anauliza kwa nini mtoto amekonda.) Loweka mtama usiku kucha, uutoe kwenye maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, kisha uuanike ukauke kabisa. Ukikauka, usugue kwa viganja ili vichipukizi na vimizizi vyote viondoke, upepete, ndipo usage. Usiache hatua hiyo ya kupepeta, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu.

Kimea kinafanya nini? Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo kama ngumi yake. Ukimpa uji mwepesi anashiba maji. Ukimpa uji mzito hawezi kuumeza. Pika uji mzito, uepue, upoe kidogo hadi uwe wa vuguvugu, weka kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Utaona kwa macho yako uji mzito unalegea na kuwa mwepesi, ingawa unga uliomo ni ule ule. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, kwa usalama, halafu mpe mtoto ukiwa umepoa. Hapo kikombe kimoja kina chakula cha vikombe viwili. Ongeza kijiko cha mafuta au maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa kama yapo.

Kunde ndizo zinazomaliza upungufu wa nafaka. Mahindi na mtama vimekosa kitu ambacho kunde zinacho kwa wingi, ndiyo maana vikiliwa pamoja vinafanya kazi karibu kama nyama. Kaanga kunde au ndengu kidogo bila mafuta, saga, changanya kipimo kimoja cha hizo na vipimo viwili vya unga wa mtama. Huo ndio unga wa uji wa mtoto. Hauhitaji pakiti ya dukani yenye picha ya mtoto mnene anayecheka.

Na majani, mama uliyeuliza! Majani ya kunde ni mboga bora kuliko kabichi, sisemi kwa ushabiki. Yana chuma, yana vitamini A ya macho na ya kinga ya mwili. Unaanza kuchuma wiki ya tatu au ya nne baada ya kupanda, wakati hata ua halijatoka. Chuma machanga, usimalize mmea. Terere na mgagani hata havihitaji kupandwa: mvua ikinyesha vinaota vyenyewe, hasa penye samadi. Nendeni kwenye maboma ya zamani yaliyohamwa na mbuzi, mtaona mgagani umejaa na watu wanaupita wakienda kununua kabichi. Wengi wanalalamika kwamba ni mchungu. Kule magharibi mwa Kenya wanaupika na maziwa, uchungu unapungua. Sisi tunaosifiwa kwa maziwa tunashindwaje? Mama mjamzito na mama aliyejifungua juzi, mboga hii inawafaa sana, maana upungufu wa damu ni moja ya sababu zinazowafanya mama wafe wanapojifungua hata wakipoteza damu kidogo tu. Lakini iende pamoja na vidonge vya chuma na foliki asidi vya kliniki, isichukue nafasi yake.

Ukila mboga hizo, jambo moja linaweza kuharibu kazi yote: chai. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma isiingie mwilini. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya kula. Kinyume chake, matunda yenye uchachu yanaisaidia chuma kuingia. Na matunda hayo hatuhitaji kuyaagiza kutoka mbali: ng'akalalio, matunda ya ekalale, yana vitamini C, na watoto wanayala njiani wakichunga. Mama akiyachuma akayaweka pamoja na chakula cha jioni, amefanya kazi ya daktari.

Mboga ikiwa nyingi wakati wa mvua, kausha. Chovya majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, yatoe, yaanike kivulini kwenye mkeka wa mkoma, si juani. Jua letu kali linaua vitamini A. Yakikauka mpaka yanavunjika, yaweke kwenye chombo kilichofungwa. Miezi ya akamu, laga ikiwa mchanga mtupu, utakuwa bado na mboga. Punje za kunde zina adui wake, fukusi. Ukiwa na ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, tumia. Kama huna, jerikeni kavu iliyojazwa kabisa na kufungwa vizuri inasaidia, na kwa mbegu za kupanda majivu makavu bado yanafanya kazi. Nafaka ihifadhiwe ikiwa kavu. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na jirani zake watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu. Mahindi yale yalivunwa na kuwekwa yakiwa mabichi. Ukiona ukungu usisage.

Kuhusu chakula cha porini nina neno kwa mama vijana. Eng'ol, edome na ekalale kila mtu anavijua, havina shida. Lakini mbegu za edung, na edapal vilevile, haziliwi hivi hivi. Bibi zenu huzichemsha kwa saa nyingi, wanamwaga maji, wanachemsha tena kwa maji mapya, mara kadhaa, hadi uchungu wote utoke. Maji hayo hayanywewi na mtu. Katika ukame kama ule wa mwaka 2022 mbegu hizi zinaokoa maisha, lakini yule aliyelelewa mjini au kambini, ambaye hajawahi kuona zikipikwa, asijaribu peke yake. Amtafute mama mzee aliye na ujuzi, amuombe amfundishe mkono kwa mkono. Na afanye hivyo mapema, kwa maana wazee hao hawatakuwepo daima.

Wachungaji, msilale, hili ni lenu. Mtama mchanga, au mtama uliokatwa ukachipua tena, na hasa uliopigwa na jua ukanyauka, una sumu inayoua mbuzi na ng'ombe kwa dakika chache. Mnyama anahema kwa nguvu, anatetemeka, anaanguka. Msiruhusu mifugo kuingia bustanini wakati huo. Baada ya mavuno, mabua makavu kabisa ni chakula kizuri. Najua ugomvi mwingi kati ya mama mwenye bustani na mwenye mbuzi huanzia hapo. Ua wa miiba ni rahisi kuliko baraza la wazee.

Wengine wananiambia, "Sista, haya mazao hayana soko." Soko huwa linatengenezwa. Miaka ya nyuma mboga za kienyeji Nairobi zilikuwa aibu, chakula cha mtu wa kijijini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia alizifanyia utafiti kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe tangu utoto mwili wake ulikuwa unakataa nyama, samaki, maziwa na mayai, kwa hiyo mboga hizo ndizo zilizomlea. Leo mgagani na managu viko kwenye maduka makubwa na hoteli za Nairobi, na mara nyingi bei yake inashinda ya sukuma wiki. Lakini soko la mtu mmoja ni hatari pia. Wakulima wa Gadam wa Ukambani waliuzia kampuni ya bia mtama wao. Mwaka 2013 serikali ilipoongeza kodi kwenye bia ya mtama ya bei nafuu, mauzo yakaanguka na mtama ukabaki mikononi mwa wakulima, mpaka kodi ilipopunguzwa tena mwaka 2015. Mimi ningependa mtama wetu uanze kwenye sufuria ya nyumbani na ya shule. Ziada ndiyo iende sokoni, Lodwar na Kakuma. Kule Kalobeyei wakimbizi na wenyeji wamelima kunde na terere kwa maji kidogo kando ya nyumba, na wanunuzi ni majirani wa mlango wa pili.

Kamati za shule za msingi na za watoto wadogo, mnapopokea mahindi na maharagwe ya shule, ulizeni kama wadi inaweza kununua mtama na kunde kwa mama wa hapa hapa. Wakikataa, waulizeni tena mkutano unaofuata.

Kabla sijaondoka, tangazo. Mvua ya akiporo ikianza, wahamasishaji wa afya ya jamii watapita boma kwa boma na utepe wa kupimia mkono. Mama mwenye mtoto aliyewahi kutoka kwenye programu ya karanga ya dawa asisubiri kupitiwa, amlete apimwe, hata kama mtoto anaonekana mzima. Mwenye mbegu ya mtama au ya kunde ya hapa, hata kikombe kimoja, aje nayo siku ya kliniki, kwa sababu kuna mama watano wa Kaaleng walioniambia wamekula mbegu yote wakati wa ukame na hawana cha kupanda. Tutakaa chini ya mti baada ya chanjo, wagawane wenyewe. Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya maji ya laga na kuharisha. Kwaherini.